Kutoka Mekoni hadi Tawini: Vyama vya Muziki, Ngoma na Hadithi Nchini Ayalandi na Suala la Hadhira

Utangulizi

Mjadala kuhusu uhifadhi wa fasihi simulizi umetawaliwa kwa muda mrefu na suala la matini. Wataalamu wameuliza ni hadithi ngapi zilizokwisha kukusanywa, ni nyimbo zipi zilizo katika hatari ya kupotea, na ni wazee gani waliosalia wakizikumbuka. Suala la hadhira limepewa nafasi finyu, ingawa kila mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa tangu mwanzo kwamba fanani na hadhira huijenga kazi pamoja. Ikiwa kauli hiyo ni ya kweli, basi kuihifadhi kazi bila ya kuihifadhi hadhira yake ni kuhifadhi nusu tu. Je, ni taasisi gani inayoweza kuihifadhi nusu ile nyingine?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuzingatia historia ya Ayalandi, na hasa historia ya kile chama kidogo cha mahali pamoja ambacho huwakutanisha watu wa parokia au mtaa mmoja kwa ajili ya muziki, ngoma na hadithi. Chama cha aina hii hujulikana kwa Kiayalandi kama craobh, neno lenye maana ya tawi la mti, na ndicho kiini cha jumuiya kubwa ziitwazo Conradh na Gaeilge, iliyoanzishwa mwaka 1893, na Comhaltas Ceoltóirí Éireann, iliyoanzishwa mwaka 1951. Ayalandi imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni nchi iliyotawaliwa na jirani yake, ikapoteza sehemu kubwa ya wasemaji wa lugha yake, kisha ikajaribu kwa makusudi kuzirudisha sanaa zake. Pili, jaribio hilo limeacha kumbukumbu nyingi, hata inawezekana kupima ni nini kilichookoka na ni nini ambacho hakikuokoka.

Makala yanadai kwamba tawi halikuuhifadhi utamaduni wa zamani kama ulivyokuwa. Tawi lilichukua mahali pa meko, na kwa kufanya hivyo likazigeuza sanaa zenyewe. Aidha, sanaa hizo tatu hazikupata bahati sawa. Muziki ulihamia tawini kwa urahisi, ngoma ikahamia kwa mabishano, na hadithi ikabaki nyuma. Sababu za tofauti hiyo ndizo zenye funzo kwa mhakiki.

Meko kama muktadha wa utendaji

Kabla ya kuwako kwa vyama, makao ya sanaa hizi yalikuwa nyumba ya jirani. Katika vijiji vya Ayalandi, hasa upande wa magharibi, kulikuwa na desturi ya kutembeleana usiku wa majira ya baridi. Kaskazini desturi hiyo iliitwa céilí, na mahali pengine airneán. Ni muhimu kukumbuka kwamba neno céilí halikuwa na maana ya dansi. Maana yake ilikuwa matembezi ya jioni tu. Kila kijiji kilikuwa na nyumba moja au mbili zilizojulikana kuwa ndizo za kukutania, na watu waliketi kuzunguka moto wa mboji kavu iliyochimbwa kinamasini. Humo ndimo habari zilimotolewa, nyuzi zikasokotwa, fidla ikapigwa na hadithi zikatambwa.

Séamus Ó Duilearga, mtaalamu aliyezichunguza hadithi hizi kwa undani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, alieleza kwamba jamii iliwatofautisha watambaji wa aina mbili. Yule aliyeitwa scéalaí alitamba ngano ndefu za mashujaa na za miujiza, ambazo zingeweza kuchukua usiku mzima au hata zaidi ya usiku mmoja. Yule aliyeitwa seanchaí alishughulikia visakale, nasaba, visa vya mizuka na matukio ya mahali. Ngano ndefu zilikuwa na vifungu vilivyofinyangwa kwa lugha ya kale, vyenye mwendo wa kasi na maneno ya kujirudiarudia, ambavyo vilitumiwa kueleza vita au safari ya baharini. Msikilizaji mzoefu alivitambua vifungu hivyo na kuvisubiri, na mtambaji aliyevikosea alijulikana papo hapo. Kaida ya ukarimu nayo ilikuwa na nafasi yake: hadithi ya kwanza ilikuwa ya mwenye nyumba, na zilizofuata mpaka alfajiri zilikuwa za mgeni.

Maelezo haya yanaonyesha kwamba hadhira ya mekoni haikuwa mkusanyiko wa watazamaji. Ilikuwa na ujuzi wa kuhukumu, ilikuwa na muda, na ilikuwa na lugha moja na fanani. Masharti hayo matatu, yaani ujuzi, muda na lugha, ndiyo yatakayotumika hapa kama kipimo cha yale yaliyofuata.

Njaa, shule na kimya

Masharti hayo yalianza kuvunjika katika karne ya 19. Mfumo wa shule za taifa ulioanzishwa mwaka 1831 ulifundisha kwa Kiingereza. Masimulizi ya watu wa enzi hiyo yanataja kijiti kilichoitwa bata scóir, ambacho mtoto alivishwa shingoni na kukatwa alama kila aliposikika akisema Kiayalandi, kisha alama zikahesabiwa na adhabu kutolewa. Msomaji wa Kenya hawezi kulipita jambo hili bila ya kukumbuka maelezo ya Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu kuikomboa akili, juu ya kitufe kilichopitishwa kutoka mwanafunzi hadi mwanafunzi aliyesikika akisema Kigĩkũyũ. Mbinu ni ile ile, na katika kila hali ilimfanya mtoto kuwa mpelelezi wa lugha ya mama yake.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa Njaa Kuu ya miaka ya 1845 hadi 1852, iliyosababishwa na ugonjwa wa viazi na kuzidishwa na sera za watawala. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Sensa ya 1841 ilihesabu watu 8,175,124. Ile ya 1851 ilihesabu 6,552,385. Waliokufa na kuhama zaidi walikuwa maskini wa vijijini, ambao ndio waliokuwa wasemaji wa Kiayalandi na wenye nyumba zile za meko. Mnamo 1851 wasemaji wa Kiayalandi walikuwa yapata milioni moja na nusu. Kufikia 1891 walikuwa wamebaki karibu 680,000. George Petrie, aliyetoa mkusanyo wake wa muziki mwaka 1855, alilalamika kwamba nchi iliyokuwa ya nyimbo ilikuwa imeingiwa na kimya kisichokuwa cha kawaida. Kauli hiyo isichukuliwe kuwa ya kishairi tu. Hadhira ilikuwa imezikwa au imepanda meli.

Hata kabla ya Njaa Kuu kulikuwa na juhudi za kuhifadhi, nazo zilikuwa zimekwisha kuonyesha tatizo ambalo lingerudi mara kwa mara. Mnamo Julai 1792 wapiga vinubi walikusanywa mjini Belfast, wengi wao wakiwa wazee na vipofu. Denis Hempson, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, alikaribia umri wa miaka mia moja, na ndiye peke yake aliyekuwa bado akizipiga nyuzi kwa kucha kwa mtindo wa kale. Kijana Edward Bunting, mpiga kinanda wa miaka 19, aliajiriwa kuziandika ngoma zao kwa nota. Alipozichapisha kuanzia mwaka 1796, alizipanga zipigwe kwa piano katika nyumba za watu wa mjini. Maneno ya nyimbo hayakuchapishwa pamoja nazo. Ilikuwa baadaye, mwaka 1802, ambapo alimtuma Patrick Lynch kwenda Connacht kuyatafuta. Hivyo basi, katika hatua ya kwanza kabisa ya uhifadhi, muziki ulitenganishwa na lugha, na hadhira ya zamani ikabadilishwa na hadhira mpya ya wasomaji wa nota.

Conradh na Gaeilge na kuzaliwa kwa céilí

Tarehe 25 Novemba 1892, Douglas Hyde, mwana wa kasisi wa Kiprotestanti kutoka Roscommon, alitoa mhadhara mjini Dublin akiwataka Waayalandi kuacha kuwaiga Waingereza. Hyde hakuwa mgeni katika fasihi simulizi. Alikwisha kuchapisha hadithi alizozikusanya kwa Kiayalandi mwaka 1889, na mwaka 1890 akatoa kitabu kilichoziweka hadithi pamoja na tafsiri zake. Mwaka uliofuata mhadhara huo, tarehe 31 Julai 1893, Conradh na Gaeilge ilianzishwa, Hyde akiwa rais wake na Eoin MacNeill akiwa miongoni mwa waanzilishi.

Lengo la jumuiya lilikuwa lugha, lakini haikuchukua muda mrefu kutambulika kwamba watu hawakutani kila wiki kwa ajili ya sarufi peke yake. Tawi lilihitaji burudani. Jibu halikutoka kijijini, bali London, katika tawi la wahamiaji. Tarehe 30 Oktoba 1897, tawi hilo, ambalo katibu wake alikuwa Fionán Mac Coluim, liliandaa mkutano wa ngoma katika ukumbi wa Bloomsbury. Wazo lilichukuliwa kutoka mikutano ya Waskoti waliokuwa wakiishi katika jiji hilo, na pamoja nalo likachukuliwa neno céilí. Katika ukumbi ule watu walicheza hata ngoma za seti na waltz kwa kufuata muziki wa Kiayalandi. Neno lililokuwa na maana ya kumtembelea jirani likaanza kuwa na maana ya dansi ya hadhara yenye kiingilio.

Baada ya mkutano huo kulizuka swali la uhalisi: ni ngoma zipi zilizo za Kiayalandi kwelikweli? Wanachama wa London walimwendea Patrick Reidy, mwalimu wa ngoma, na wengine wakasafiri hadi Kerry kutafuta ngoma za vikundi. Mwaka 1902 J. G. O'Keeffe na Art O'Brien walitoa mwongozo uliozipanga ngoma hizo na kuzipa kanuni. Kwa upande mwingine, ngoma za seti, ambazo zilitokana na kadrili za Kifaransa zilizoenea baada ya vita vya Napoleon, zilikataliwa kwa hoja kwamba ni za kigeni. Zilikataliwa ingawa wakulima wa Clare na Kerry walikuwa wamezicheza kwa vizazi kadhaa, wakazipa mapigo ya miguu na miziki yao wenyewe.

Hapa pana kinaya kinachofaa kutazamwa kwa makini. Ngoma iliyokuwa hai katika nyumba za wasemaji wa lugha ilihukumiwa kuwa ya kigeni, na mkusanyiko uliobuniwa London kwa mfano wa Waskoti ukatangazwa kuwa wa asili. Isidhaniwe kwamba waasisi hawa walikuwa wadanganyifu. Walikuwa wakitafuta alama ya taifa, na alama huhitaji mipaka iliyo wazi. Hata hivyo, uamuzi wao unaonyesha kwamba chama huchagua kabla ya kuhifadhi, na kwamba chaguo hilo huongozwa na haja za wakati uliopo. Ngoma za seti zililazimika kusubiri mpaka miaka ya 1970 na 1980, wakati mashindano na madarasa ya kiangazi, likiwemo lile la Miltown Malbay lililoanzishwa mwaka 1973 kwa heshima ya mpiga zumari Willie Clancy, yalipozirudisha katika heshima. Leo ndizo zinazochezwa katika matawi mengi ya vyama vile vile vilivyowahi kuzipiga marufuku.

Mwaka 1935: sheria na tume

Baada ya uhuru wa mwaka 1922, pigo la pili dhidi ya meko lilitoka ndani ya nchi yenyewe. Maaskofu wa Kikatoliki walikuwa wametoa tamko mwaka 1925, lililosomwa makanisani, wakilaani dansi za usiku kuwa ni chanzo cha upotovu. Mwaka 1935 serikali ilipitisha Sheria ya Kumbi za Dansi za Umma, iliyotaka kila ukumbi wa dansi uwe na leseni ya mahakama. Sheria haikuitaja nyumba ya mkulima waziwazi. Lakini katika wilaya nyingi mapadre na polisi waliitumia kuvunja dansi za nyumbani, hasa zile ambazo wageni walichanga fedha kumsaidia jirani aliyepatwa na shida. Junior Crehan, mpiga fidla maarufu wa Clare aliyezaliwa mwaka 1908, alisimulia kwa uchungu jinsi dansi za nyumbani zilivyokoma katika eneo lake na wanamuziki wakakosa pa kupigia.

Dansi ilihamia katika ukumbi wa parokia, chini ya jicho la padre. Athari za kisanaa zilikuwa za moja kwa moja. Fidla moja iliyotosha jikoni haikusikika ukumbini. Hivyo bendi za céilí zikakua, zikiwa na fidla kadhaa, filimbi, kodiani, piano na ngoma za kupigwa kwa vijiti. Katika kundi la watu kumi hapana nafasi ya mpigaji mmoja kuitia nakshi sauti kwa namna yake. Wote hulazimika kupiga kwa pamoja. Tayari santuri zilizorekodiwa New York na Michael Coleman wa Sligo tangu mwaka 1921 zilikuwa zimewafanya wapigaji wa kaunti nyingine kuuacha mtindo wao na kuufuata wake. Ukumbi uliikamilisha kazi iliyoanzwa na santuri.

Mwaka huo huo wa 1935 serikali iliunda Tume ya Fasihi ya Wananchi ya Ayalandi, ikiongozwa na Ó Duilearga. Kwa kipimo cha matini, hii ni miongoni mwa kazi kubwa kabisa za ukusanyaji duniani. Katika mpango wa shule wa miaka ya 1937 hadi 1939 peke yake, watoto wapatao 50,000 kutoka shule za msingi karibu 5,000 walitumwa kuwauliza wazee wao na kuyaandika majibu, na mkusanyo huo una kurasa zipatazo 740,000. Wakusanyaji wa kudumu walizunguka na mashine za Ediphone zilizorekodi sauti kwa silinda za nta. Lakini nta ilikuwa ghali. Mkusanyaji alipokwisha kuyaandika maneno, silinda nyingi zilikwanguliwa ili zitumike tena. Maneno ya mtambaji yakabaki katika karatasi, na sauti yake ikafutwa.

Mfano wa Seán Ó Conaill wa Cill Rialaig, Kerry, unastahili kutajwa hapa. Mzee huyu, aliyefariki mwaka 1931, hakujua kusoma wala kuandika, na hazina yake ya ngano ilichapishwa na Ó Duilearga mwaka 1948. Ó Duilearga alieleza kwamba, baada ya kukosa wa kumsikiliza, mzee huyo alizoea kuzitamba ngano zake peke yake kwa sauti, pamoja na ishara za mikono, alipodhani hakuna mtu karibu, ili asizisahau. Fanani alikuwepo, matini ilikuwepo, na ustadi ulikuwepo. Kilichokosekana ni jirani wa kuketi mbele yake. Tume ilifika ikaichukua matini. Haikuwa katika uwezo wake kumletea jirani.

Mullingar, 1951: tawi la wanamuziki

Ilikuwa katika hali hiyo ambapo Comhaltas Ceoltóirí Éireann ilianzishwa. Mwanzoni mwa mwaka 1951, wapiga zumari wa klabu ya mtaa wa Thomas, Dublin, walikutana mjini Mullingar na wanamuziki wa eneo hilo, na siku za sikukuu ya Pentekoste ya mwaka huo tamasha la kwanza likafanyika huko. Zumari inayozungumzwa, ile inayojazwa hewa kwa mvukuto unaobanwa kwa kiwiko, ilikuwa imebakiwa na mafundi na wapigaji wachache. Tamasha hilo, lililokuja kuitwa Fleadh Cheoil, limekuwa mkutano mkuu wa mwaka wa wanamuziki wa mapokeo. Mwaka 2013 lilifanyika Derry, na hiyo ikawa mara ya kwanza kufanyika katika Ayalandi ya Kaskazini. Na mwaka 2022, baada ya kuahirishwa kwa ajili ya janga la korona, lilirudi Mullingar.

Wakati wa kuanzishwa kwake haukuwa wa kutia moyo. Kati ya 1951 na 1961 watu wapatao 400,000 waliihama Jamhuri hiyo, na kufikia 1961 ilikuwa na wakazi milioni 2.8 tu. Hata hivyo, uhamaji huo huo uliyasaidia matawi. Mhamiaji aliyefika London, Liverpool au Chicago hakuwa na jirani wa kumtembelea, na kwa hiyo tawi lilikuwa kwake nyumba ya badala. Jambo hili lilikuwa na historia. Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago kati ya 1901 na 1905, aliwakusanya wahamiaji wenzake na kutoa mwaka 1903 kitabu chenye miziki 1,850, na mwaka 1907 kingine chenye miziki 1,001 ya ngoma. Kwa kuwa hakuwa mjuzi wa kuandika nota, James O'Neill, mhamiaji kutoka Ulster, ndiye aliyemwandikia. Vitabu hivyo vilirudi Ayalandi na kuwa rejeleo la wapigaji waliobaki nyumbani. Hali kadhalika, mwaka 1963 na mwaka 1964 ubingwa wa bendi za céilí wa Ayalandi yote ulichukuliwa na bendi ya Liverpool.

Mfumo wa tawi ni rahisi kueleza. Watu hukutana mara moja kwa wiki katika shule au ukumbi. Watoto huanza na filimbi ya bati, kwa sababu ni ya bei nafuu na vidole vyake husaidia baadaye katika zumari na filimbi ya mti. Mwalimu hupiga kifungu, darasa hukirudia, mpaka wimbo mzima ushikike. Nota zikitumika huwa ni kikumbusho. Baada ya darasa hufuata upigaji wa pamoja, ambamo mtoto wa miaka tisa anaweza kuketi kando ya mzee wa miaka themanini na kupiga naye wimbo ule ule. Ni katika saa hiyo ya pili, wala si darasani, ndipo tawi linapolikaribia meko. Hapana jukwaa, hapana safu za viti, na anayesikiliza sasa hivi ndiye atakayepiga baadaye.

Mashindano na gharama yake

Ingawa hivyo, nguvu inayolisukuma tawi mwaka mzima ni mashindano. Washiriki hugawanywa kwa umri: chini ya miaka 12, kati ya 12 na 15, kati ya 15 na 18, na zaidi ya 18. Mshindi wa kaunti huendelea hadi mkoa, na wa mkoa hadi fainali ya taifa. Yapo mashindano ya kila ala, ya nyimbo, ya miluzi, na ya kuimba midundo kwa silabi zisizo na maana, sanaa iliyokuwa ikitumika nyumba ilipokosa ala.

Mashindano yamelaumiwa na kusifiwa. Sifa yake ni kwamba humpa kijana sababu ya kufanya mazoezi na huzikutanisha kaunti. Lawama ni kwamba mwamuzi huhitaji vigezo, na vigezo huelekea kuzisawazisha tofauti. Kijana hujifunza nyimbo mbili au tatu kwa ukamilifu wa kumridhisha mwamuzi, ilhali mekoni ustadi ulipimwa kwa wingi wa nyimbo na uwezo wa kupiga usiku kucha bila ya wachezaji kuchoka. Katika ngoma hali ilikwenda mbali zaidi. Tume ya ngoma iliyoundwa chini ya Conradh na Gaeilge, ambayo kufikia mwanzo wa miaka ya 1930 ilikuwa ikisimamia walimu, waamuzi na mavazi, iliutukuza mtindo wa mchezaji mmoja mwenye kiwiliwili kilichonyooka na mikono iliyoshushwa. Onyesho la Riverdance, lililozinduliwa Dublin tarehe 30 Aprili 1994 wakati wa mapumziko ya shindano la nyimbo la Eurovision, lilizaliwa na wachezaji waliolelewa na mashindano hayo, na mvuto wake ulitokana kwa sehemu kubwa na kuivunja baadhi ya miiko yake.

Wasomaji waliowahi kuhudhuria Tamasha la Muziki la Kenya wataitambua hali hii. Ngoma iliyochezwa arusini kwa siku mbili hupewa dakika chache jukwaani, hupangwa mistari inayomwelekea mwamuzi, na hurudi kijijini ikiwa katika umbo hilo jipya. Tamasha limeziokoa ngoma nyingi zisisahauliwe, lakini limezifundisha kuwa na mtazamaji badala ya mshiriki. Tofauti iliyopo ni kwamba kijana wa Ayalandi akitoka mashindanoni ana tawi la kurudia kila wiki, hali mwanafunzi wa Kenya mara nyingi huivua ngoma pamoja na vazi lake muhula unapokwisha.

Hadithi iliyobaki nyuma

Comhaltas ina mashindano ya kutamba hadithi pia, kwa Kiayalandi na kwa Kiingereza. Juu ya hayo, hakuna anayeweza kudai kwamba ngano ndefu imeokoka kwa kiwango cha muziki. Sababu zinapatikana katika yale masharti matatu yaliyotajwa: ujuzi, muda na lugha.

Muziki hauhitaji lugha. Mtoto wa Liverpool au Chicago asiyejua neno moja la Kiayalandi anaweza kuzipiga nyimbo za Kerry kwa ufasaha. Ngano haiwezi kuhama hivyo. Vifungu vile vya lugha ya kale vikitafsiriwa hubaki na maana na kupoteza mwendo, na hadhira isiyovijua haiwezi kuvisubiri. Muda nao ni kikwazo: usiku wa majira ya baridi uliomtosha scéalaí haupo katika ratiba ya ukumbi unaofungwa saa nne. Kwa hiyo kilichovuka ni sanaa ya seanchaí, yaani kisa kifupi, cha kuchekesha, kinachoweza kutambwa kwa Kiingereza. Éamon Kelly wa Kerry, mwigizaji aliyefariki mwaka 2001, aliifikisha sanaa hiyo redioni na jukwaani kwa mafanikio makubwa. Lakini hadhira yake iliketi gizani, imelipa kiingilio, na haikutarajiwa kutamba hadithi ya pili.

Hatima ya Peig Sayers inaonyesha sura nyingine ya tatizo. Mwanamke huyu wa kisiwa cha Blasket Mkuu, aliyezaliwa mwaka 1873, alikuwa mtambaji hodari aliyetembelewa na wataalamu kutoka nchi kadhaa. Tawasifu yake ya mwaka 1936, aliyoisimulia kwa kinywa na mwanawe akaiandika, ilifanywa kitabu cha lazima shuleni, na kwa vizazi kadhaa wanafunzi waliichukia kama adhabu. Kisiwa chenyewe kilihamwa mwaka 1953, kwa kuwa waliosalia walikuwa wachache na wazee. Mtambaji aliyewafurahisha majirani zake akawa mtihani wa watoto wasiowahi kuketi mbele ya mtambaji yeyote. Shule iliwapa matini bila ya kuwapa meko, kisha ikashangaa kwamba hawakuipenda.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba zimekuwako njia tatu za kuhifadhi. Njia ya Bunting na ya Tume ni kuichukua matini na kuiweka mahali salama. Bila ya njia hiyo hazina kubwa ingepotea kabisa, na hakuna anayestahili kuidharau. Njia ya jukwaa na mashindano ni kuupa usanii heshima na umbo, kwa gharama ya kumgeuza mshiriki kuwa mtazamaji. Njia ya tatu ni ya tawi katika saa yake isiyo rasmi, ambapo wenye kusikia ndio wenye kutenda. UNESCO ilipoitambua sanaa ya zumari ya Ayalandi mwaka 2017 na ya kinubi mwaka 2019, ilizitambua sanaa ambazo karne moja kabla zilikuwa karibu kuzimika. Ziliokolewa na nota na santuri, lakini ziliokolewa zaidi na watu waliokubali kufungua mlango wa ukumbi kila wiki na kupanga viti kwa duara.

Funzo kwa utafiti wa fasihi simulizi katika vyuo vya Afrika Mashariki liko hapa. Idara zimejaa kaseti, miswada na tasnifu zenye viambatisho vya ngano zilizokusanywa vijijini na wanafunzi. Kazi hiyo iendelee. Lakini Ó Conaill akitamba peke yake kando ya bahari ni onyo kwamba ukusanyaji unaweza kukamilika huku sanaa ikifa. Mtafiti anayerudi kutoka nyanjani angefaa kuulizwa, pamoja na idadi ya ngano alizorekodi, ni nani waliokuwa wakimsikiliza mtambaji alipofika, na ni nani watakaokuwa wakimsikiliza baada ya yeye kuondoka na mashine yake.